James Joule: mwenye kiwanda cha bia aliyepima kipimajoto chake kwa miaka 38

WASAFIRISHAJI wa mafuta kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi za bara wanaujua vizuri ugomvi wa lita. Tanki hupakiwa kwenye joto la pwani, likafungwa sili, likafika nyanda za juu asubuhi ya baridi, na vipimo vya huko vikaonyesha upungufu. Petroli hunywea inapopoa, kwa kadiri ya lita 1 katika kila lita 1,000 kwa kila digrii 1 ya Sentigredi. Tanki la lita 30,000 likipoa kwa digrii 10 litaonekana limepungukiwa lita zipatazo 300, ingawa hakuna mtu aliyegusa koki. Ndiyo maana hesabu ya haki ya mafuta huanza na kipimajoto. Nacho kipimajoto kikidanganya kwa digrii 2 tu, yuko mtu atakayedaiwa lita 60 ambazo hakuiba.

Sasa nani anakipima kipimajoto chenyewe? Swali hilo lilimshughulisha karibu maisha yake yote mtu mmoja wa kaskazini ya Uingereza, ambaye hakuwa profesa wala mwajiriwa wa serikali. Alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Jina lake leo limeandikwa kwenye pakiti za biskuti, maziwa na unga zinazovuka mipaka kila siku, pale panapoonyeshwa nguvu ya chakula kwa kilojuli. Mtu huyo ni James Prescott Joule.

Mtoto wa kiwandani

Joule alizaliwa Desemba 24, 1818 katika mji wa Salford, unaotenganishwa na Manchester na mto Irwell. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa jirani na kiwanda cha bia cha familia. Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na mama yake aliitwa Alice Prescott. James hakuwa mtoto mwenye afya nzuri. Alikuwa na tatizo la uti wa mgongo, hivyo hakupelekwa shule kama watoto wengine bali alifundishwa nyumbani.

Mwaka 1834 baba yake alimpeleka yeye na kaka yake, Benjamin, kusoma kwa mzee John Dalton katika Chama cha Fasihi na Falsafa cha Manchester. Dalton ndiye mwanasayansi aliyejulikana kwa nadharia yake ya atomu. Hata hivyo hakuanza kuwafundisha vijana hao mambo makubwa, bali hesabu na jiometri kwanza, kemia baadaye. Masomo hayo yalikatika mwaka 1837 baada ya Dalton kupatwa na kiharusi. Joule hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Wakati huo huo alikuwa akifanya kazi kiwandani, na aliendelea kushiriki katika shughuli za kiwanda hadi kilipouzwa mwaka 1854. Majaribio ya sayansi aliyafanya kabla na baada ya saa za kazi. Kwa maana nyingine, mtu ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha fizikia alikuwa kwa miaka mingi mtu wa mapipa, makaa ya mawe na wateja.

Bia na digrii zake

Ili kuelewa kwa nini kiwanda cha bia kilikuwa shule nzuri ya vipimo, yafaa kufahamu jinsi bia inavyotengenezwa. Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto. Ndani ya mchanganyiko huo wanga hugeuka kuwa sukari, na maji yanayochujwa huwa matamu mithili ya togwa. Maji hayo huchemshwa na hopsi, hupozwa, kisha hutiwa hamira, nayo hamira hula sukari na kutoa kileo.

Kila hatua ina joto lake. Kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari huenda vizuri kwenye joto la digrii 65 hadi 68 za Sentigredi. Likishuka chini ya hapo kwa digrii chache, bia hutoka nyepesi na kavu. Likipanda kuzidi 70, hubaki sukari nyingi ambayo hamira haiwezi kuila, na bia huwa nzito. Likizidi sana, vimeng'enya vya kimea hufa na kazi husimama. Hamira nayo, ikitiwa kwenye maji yaliyozidi digrii 40 au zaidi, hufa kabla haijaanza kazi. Kosa la digrii 3 au 4, ambalo mpishi wa wali hawezi hata kuligundua, kwa mpika bia ni pipa zima lililoharibika.

Katika karne ya 18 wapika bia wengi wa Uingereza walikuwa wakikadiria joto kwa kuchovya kidole au kwa kutazama mvuke. Kipimajoto kiliingia katika viwanda vyao taratibu katika nusu ya pili ya karne hiyo. Mwaka 1784 John Richardson alitoa maelezo ya kipimo kingine, chombo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari katika maji ya kimea. Chombo hicho huzama zaidi katika maji matupu na huelea juu zaidi katika maji yenye sukari. Aina yake hutumika hadi leo, viwandani na hata nyumbani kwa wanaopika bia kwa mara ya kwanza.

Vipimo hivyo viligusa pia mfuko wa serikali. Kwa miaka mingi Uingereza ilitoza kodi kwenye kimea. Mwaka 1880 kodi hiyo ilifutwa na badala yake bia ikaanza kutozwa kulingana na uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka. Kuanzia hapo, kipimo kilichokosea kilikuwa kodi iliyokosewa, ama kwa hasara ya mpika bia au kwa hasara ya serikali. Sheria hiyo iliwataka hata wanaopika bia nyumbani kuwa na leseni, sharti lililoondolewa mwaka 1963.

Hesabu ya mfanyabiashara

Joule aliingia katika sayansi kupitia swali la kibiashara. Katika miaka ya 1830 mota za umeme zilikuwa kitu kipya, na wapo waliodhani kwamba zingechukua nafasi ya injini za mvuke mara moja. Kijana Joule alijenga mota zake mwenyewe na kuanza kuchapisha matokeo mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 19. Alitaka kujua kama umeme ungekuwa nafuu kuliko makaa ya mawe.

Jibu halikumfurahisha. Betri za wakati huo zilikula zinki. Alipolinganisha kazi iliyofanywa na pauni 1 ya zinki katika mota yake na kazi ya pauni 1 ya makaa ya mawe katika injini bora za mvuke za Cornwall, makaa yalishinda kwa zaidi ya mara nne. Aidha, zinki ilikuwa ghali kuliko makaa. Kwa mwenye kiwanda, hesabu ilikuwa imefungwa.

Hata hivyo, katika kupima alikuwa amegundua jambo. Waya unaopitisha umeme hupata moto kwa kanuni maalumu: mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1841. Msafirishaji aliyewahi kuona waya mwembamba wa gari ukiungua baada ya kuunganishiwa taa nyingi kupita kiasi ameiona kanuni ya Joule ikifanya kazi.

Kutoka hapo likaja swali kubwa zaidi. Je, joto ni kitu kinachohama kutoka mahali hadi mahali kama maji, jinsi wataalamu wengi wa wakati huo walivyoamini, au ni kazi iliyogeuka sura? Kama ni kazi, basi kiasi fulani cha kazi lazima kilete kiasi kile kile cha joto kila mara, kama vile sarafu mbili zinavyobadilishwa kwa bei moja isiyopanda wala kushuka. Joule aliamua kuitafuta bei hiyo.

Kwa fundi Dancer

Ugumu ulikuwa mmoja. Joto linalotokana na kazi ya kawaida ni dogo mno. Kipimajoto cha dukani kisingeweza kuliona, na hata kama kingeliona, hakuna ambaye angekiamini.

Joule alishirikiana na fundi wa vyombo wa Manchester, John Benjamin Dancer, na kufikia mwaka 1844 walikuwa wametengeneza vipimajoto vilivyokuwa miongoni mwa vilivyo sahihi kuliko vyote Uingereza. Tatizo walilolishughulikia ni hili. Mrija wa kioo hauna tundu lenye upana sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali tundu ni jembamba zebaki hupanda haraka, na mahali ni pana hupanda polepole. Fundi akichora mistari yenye nafasi sawa kwenye mrija wa namna hiyo, digrii moja ya juu haitalingana na digrii moja ya chini.

Dawa yake ilikuwa kuupima mrija kabla ya kuchora chochote. Kipande kifupi cha zebaki kilisogezwa ndani ya mrija hatua kwa hatua, na urefu wake ukapimwa kwa darubini ndogo ya kusogezwa kila kiliposimama. Zebaki ni ile ile, hivyo ikionekana ndefu tundu ni jembamba, na ikionekana fupi tundu ni pana. Baada ya hapo ndipo mistari ilichorwa, kila mmoja kwa kufuata tundu lilivyo. Kwa vyombo hivyo na kwa mazoezi ya macho, Joule alidai kusoma tofauti ya sehemu 1 katika sehemu 200 za digrii ya Farenhaiti.

Madai hayo yaliwashangaza wengi. Wataalamu waliokuwa wamesoma vyuoni hawakuwa wamezoea kupima kwa udogo huo, na wanahistoria wa baadaye wamehusisha ujuzi huo na kazi ya kiwanda cha bia, ambako kipimajoto kilisomwa kila siku na kosa lilionekana ndani ya pipa.

Mawe mawili na ndoo ya maji

Jaribio lake lililojulikana zaidi lilikuwa rahisi kuelezeka. Ndani ya chombo chenye maji aliweka pangaboi la shaba. Pangaboi lilizungushwa na kamba zilizovutwa na mawe mawili ya risasi yaliyokuwa yakishuka kwa uzito wao. Mawe yakishuka, pangaboi huyakoroga maji, na maji hupata joto. Uzito wa mawe unajulikana, kimo cha kushuka kinajulikana, hivyo kazi iliyofanyika inajulikana. Kilichobaki ni kusoma kipimajoto.

Katika mfululizo wa majaribio uliochapishwa mwaka 1850, kila jiwe lilikuwa na uzito wa pauni zipatazo 29, na lilishuka inchi zipatazo 63. Lilipofika chini lilipandishwa tena, na zoezi lilirudiwa mara 20. Baada ya kazi hiyo yote, iliyochukua kama nusu saa, maji yalikuwa yamepanda joto kwa zaidi kidogo ya nusu digrii ya Farenhaiti, yaani karibu theluthi moja ya digrii ya Sentigredi.

Kwa hiyo madai yote ya Joule yalikaa ndani ya nusu digrii hiyo. Joto la mwili wa mtu aliyesimama karibu, upepo wa mlangoni, au mrija uliochorwa vibaya vingetosha kuyabatilisha. Ndiyo sababu alichagua kufanyia kazi chini ya nyumba, katika chumba kisichobadilika joto haraka, na alipima pia joto lililoingia na kutoka chumbani ili alitoe katika hesabu.

Wakubwa hawakusikiliza

Matokeo ya kwanza aliyawasilisha Agosti 1843 mjini Cork, Ireland, katika mkutano wa Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi. Mapokezi yalikuwa ukimya. Mwaka 1844 Royal Society ya London ilikataa kuchapisha kwa ukamilifu makala yake kuhusu joto la hewa inayoshindiliwa. Mwaka 1845 alionyesha jaribio la pangaboi mjini Cambridge, na bado hakukuwa na mwitikio.

Aprili 1847 alitoa hotuba kwa watu wa kawaida katika chumba cha kusomea cha kanisa la Mtakatifu Ann mjini Manchester, na gazeti la Manchester Courier likaichapisha yote. Ni kama mfanyabiashara aliyenyimwa nafasi katika soko kuu akaamua kutandika bidhaa yake barazani kwake.

Juni mwaka huo huo alikwenda Oxford. Mwenyekiti wa kikao alimtaka aseme kwa ufupi, na mada yake ingepita bila maswali kama si kijana mmoja wa miaka ipatayo 23, William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin. Thomson hakukubali mara moja, lakini aliona kuwa jambo hilo ni zito. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa washirika.

Agosti 1847 Joule alimuoa Amelia Grimes, ambaye baba yake alikuwa afisa wa juu wa forodha katika bandari ya Liverpool. Wakiwa katika fungate karibu na Chamonix, kwenye milima ya Alps, walikutana na Thomson kwa bahati. Joule alitaka kupima kama maji ya maporomoko huwa na joto zaidi chini kuliko juu, kwa kuwa yanaposhuka hufanya kazi. Walijaribu kwenye maporomoko ya Sallanches, lakini maji yalitawanyika kuwa manyunyu na kipimo hakikufaulu.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1849 Michael Faraday aliiwasilisha kazi yake mbele ya Royal Society, na mwaka 1850 Joule akachaguliwa kuwa mwanachama wa taasisi ile ile iliyomkataa. Alipata Nishani ya Kifalme mwaka 1852 na Nishani ya Copley mwaka 1870. Kati ya mwaka 1852 na 1862, yeye na Thomson walichunguza jinsi gesi inavyopoa inapopenya kwenye tundu dogo na kutanuka. Matokeo hayo ndiyo yaliyotumika mwishoni mwa karne hiyo kugeuza hewa kuwa kimiminika, njia iliyofungua biashara ya oksijeni ya hospitali na ya mafundi wa kuchomelea.

Nyumbani, hata hivyo, mwaka 1854 ulikuwa wa msiba. Amelia alifariki, na mtoto mchanga naye hakuishi. Joule aliachwa na watoto wawili wadogo. Mwaka huo huo kiwanda cha bia kiliuzwa.

Barafu ya miaka 38

Jambo lisilosimuliwa sana katika maisha yake ndilo lenye faida kubwa kwa mtu anayefanya kazi na vipimo. Joule hakuridhika kwamba kipimajoto chake kilikuwa sahihi siku kilipotoka kwa fundi. Aprili 1844 alikitumbukiza katika barafu inayoyeyuka na kuandika mahali zebaki iliposimama. Barafu inayoyeyuka ina joto lile lile popote, Manchester au kwingineko, hivyo ni shahidi asiyehongwa.

Alirudia zoezi hilo mwaka 1846. Zebaki ilisimama juu kidogo ya alama ya awali. Alirudia mwaka 1848, ikawa imepanda zaidi. Aliendelea hivyo katika miaka ya 1850, 1860 na 1870, na mara ya mwisho ilikuwa Desemba 1882. Katika miaka 38 alama ya barafu ilikuwa imepanda kwa karibu digrii 1 nzima ya Farenhaiti. Takribani nusu ya badiliko hilo ilitokea katika miaka minne ya mwanzo, na iliyobaki ilikuja kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 30.

Sababu ni kioo chenyewe. Kioo kilichoyeyushwa na kupulizwa huendelea kujikaza kwa miaka mingi baada ya kupoa. Chupa ndogo ya chini ya kipimajoto hunywea, zebaki husukumwa juu, na chombo huonyesha joto ambalo halipo. Hakuna aliyekigonga wala kukichezea.

Ukilinganisha namba hizo, utaona uzito wake. Joto lote lililoletwa na mawe ya risasi katika majaribio ya 1850 lilikuwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kosa lililojijenga ndani ya kioo lilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Majaribio hayakuharibika kwa sababu kila jaribio lilipima tofauti ya mwanzo na mwisho ndani ya muda mfupi, na alama ya barafu ilikuwa ikihakikiwa. Lakini mtu ambaye angekiamini chombo hicho mwaka 1882 kwa sababu tu kilikuwa sahihi mwaka 1844 angepotea.

Hata hivyo kosa jingine dogo lilikuwa limebaki. Mwaka 1879 Henry Rowland wa Baltimore, Marekani, alichapisha vipimo vyake vya bei ile ile ya kazi na joto. Namba yake ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya Joule. Rowland alionyesha kwamba kipimajoto cha zebaki, hata kilichochorwa vizuri, hakiendi sambamba kabisa na kipimajoto cha hewa. Joule, mzee na mwenye jina kubwa wakati huo, angeweza kukasirika. Badala yake alikilinganisha chombo chake na cha Rowland, na masahihisho yalipoingizwa, tofauti kati ya vipimo vya wawili hao ikawa ndogo sana.

Namba ya kaburini

Miaka ya mwisho haikuwa ya neema. Mali ya familia ilipungua, na mwaka 1878 serikali ya Uingereza ilimpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Afya yake ilizidi kudhoofika. Alifariki Oktoba 11, 1889 nyumbani kwake katika mji wa Sale, karibu na Manchester, akiwa na miaka 70. Wiki chache kabla ya hapo, mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikuwa umekubali jina lake kuwa kipimo cha nishati. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa uliikubali juli kuwa kipimo cha joto pia.

Kwenye jiwe la kaburi lake katika makaburi ya Brooklands imechongwa namba 772.55. Hiyo ndiyo bei aliyoipata mwaka 1878: idadi ya pauni zinazopaswa kushuka futi 1 ili kupasha pauni 1 ya maji kwa digrii 1 ya Farenhaiti. Vipimo vya leo vinatoa 778 na kidogo. Tofauti haifiki asilimia 1, kwa mtu aliyefanya kazi kwa kamba, mawe na macho yake.

Kwa anayeanza

Anayenunua vyombo vya kupika bia yake ya kwanza bado hufanya yale yale, kwa udogo wake. Sheria za pombe ya nyumbani hutofautiana kati ya nchi na nchi, na ni vyema kuzijua kwanza. Ama kuhusu vyombo, kazi huanza kabla ya kimea kununuliwa.

Kipimajoto huwekwa katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji safi kidogo, hukorogwa, huachwa kitulie, kisha husomwa. Kikionyesha digrii 2 badala ya sifuri, kimezidisha 2, na hilo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa. Kisha huwekwa kwenye maji yanayochemka. Hapa pana mtego kwa watu wa bara. Maji huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, lakini Nairobi huchemka kwa takribani digrii 94 hadi 95 kwa sababu ya mwinuko. Anayesahau hilo atakilaumu kipimajoto kisicho na kosa.

Kipimo cha sukari cha kuelea nacho hujaribiwa katika maji matupu, yakiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye chombo chenyewe. Kinapaswa kusoma 1.000. Ndoo ya kuchachushia hutiwa maji lita moja moja kwa kipimo kinachoaminika, na kila lita huwekewa alama ubavuni, kwa kuwa alama za kiwandani huenda zisiwe sahihi. Baada ya hapo vyombo vyote huoshwa na kuuliwa vijidudu.

Zoezi la barafu halimhusu mpika bia peke yake. Anayesafirisha maziwa, samaki, chanjo au mafuta anaweza kulifanya kwa bakuli moja ya barafu. Tena halifanywi mara moja likaisha. Joule alikuwa na kipimajoto miongoni mwa bora nchini kwake, kilichotengenezwa chini ya macho yake, na bado alikirudisha kwenye barafu kwa miaka 38.